Ukienda kuwahoji wakamata majini wa Mwanza na visiwani

Mwandishi anayetaka kitabu kuhusu watu wanaokamata majini, mizuka na misukule hana haja ya kuvuka mipaka akiwa Mwanza. Watu wapo, kuanzia Buhongwa hadi kisiwa cha Ukara. Kazi ni kuwafanya waseme kitu kinachoandikika. Mkamataji amezoea kuulizwa maswali mawili maisha yake yote: “Ni kweli?” na “Ni shilingi ngapi?” Majibu yake ameshayakariri. Ukimuuliza hayo utarudi na kanda saba zenye hotuba moja.

Mwongozo huu ni wa kumtoa kwenye hotuba na kumpeleka kwenye kazi yenyewe: nani alimwita, alibeba nini, alisimama upande gani wa mlango, alichokamata kiko wapi leo. Na ni wa kuhakikisha ukishaondoka hakuna bibi wa jirani anayebaki na matatizo kwa sababu yako.

Kwanza, jua unamtafuta nani

Usiingie kijijini ukisema “natafuta wakamata mizimu”. Kwa Msukuma wa makamo mizimu, yaani masamva, ni wazee wake waliotangulia, hutambikiwa na kuombwa mvua na uzima, na vibanda vyao vidogo vya nyasi utavikuta kwenye baadhi ya nyumba mpaka leo. Kumuuliza mfumu, yaani mganga, kama anawakamata ni kumuuliza kama anamfunga babu yake kamba. Sema majini, au mizuka, au “mambo yanayosumbua watu usiku”, halafu mwache yeye achague neno la nyumbani kwake.

Wanaofanya kazi hii si wa aina moja. Kuna waganga wenye kilinge, wengine wamesajiliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, wengine hawataki hata kusikia habari za usajili. Kuna mashehe wa kisomo, ambao watakuambia wazi kuwa wao si waganga na watachukia ukiwaweka kwenye sura moja na waganga. Kuna wachungaji wa maombezi. Kuna lambalamba, wanaopita vijijini kwa makundi wakidai kufukua hirizi na vibuyu kwenye nyumba za watu. Hao wa mwisho wahoji baada ya kuondoka eneo husika, tena mbali nalo. Wakati wa shughuli kijiji huwa kimechemka, na mgeni mwenye kinasa sauti anageuka kuwa shahidi bila kupenda.

Kwa wachungaji nina ushauri mmoja tu. Mchungaji mwenyewe ameshasimulia kwenye spika mara nyingi, na ushuhuda wake umelainika kama jiwe la ufukweni. Mtafute mhudumu anayesimama nyuma ya waombewaji kuwadaka wanapoanguka. Huyo anajua nani huanguka kabla ya kuguswa, nani hupiga mateke, na kwa nini akina mama hufungwa kanga kiunoni kabla ya maombi kuanza.

Karatasi

Sehemu hii inachosha, ipite haraka. Anza kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, ukiwa na barua ya utambulisho. Mialoni, wanakotua wavuvi, na visiwani ongea pia na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, maana wao ndio wanaojua nani ameingia na mtumbwi upi. Kama kazi yako ni utafiti wa chuo, au wewe si raia, uliza kwanza kuhusu kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Jambo lisilochosha ni sheria zenyewe. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inamgusa anayejidai kuwa na nguvu za uchawi na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Maana yake kanda yako inaweza kuwa ushahidi dhidi ya mzee aliyekukaribisha chai. Januari 2015, kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na waganga wengi wa Kanda ya Ziwa bado wanakumbuka msako uliofuata. Ndiyo sababu ukifika na daftari utaulizwa kama wewe ni usalama. Usikasirike. Onyesha barua, mwachie aipeleke kwa mjukuu aisome, rudi kesho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakuhusu: sauti ya mtu, jina lake na mahali anapoishi ni mali yake, na lazima ajue unavipeleka wapi.

Tazama mwezi kabla ya kupanga safari

Nusu ya visa vizuri vya ziwani wanavyo wavuvi, na mvuvi wa dagaa hahojiwi usiku wa giza. Giza likiwa totoro yuko ziwani na taa zake. Ukisimama juu ya mawe ya Bwiru unaziona zimejipanga kama mji. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawafuati taa, kambi inapumzika, watu wanashona nyavu na kucheza bao. Hizo ndizo siku zako. Ukikosa na kufika wakati wa giza, subiri saa tisa alasiri: alfajiri wanarudi, asubuhi dagaa wanaanikwa, mchana watu wamelala.

Wakulima wa pamba wahoji baada ya mavuno, si wakati wa palizi. Mashehe usiwafuate Ijumaa, wachungaji usiwafuate Jumapili. Mganga muulize siku zake za kilinge, kisha uende siku isiyo yake, vinginevyo utakaa kwenye foleni ya wagonjwa na wao watadhani umeruka zamu.

Upande wa Sengerema umekuwa karibu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Ukerewe bado ni safari ya maji, kwa hiyo panga kulala Nansio. Mtu anayetazama saa ya meli hasikilizi.

Kuingia nyumbani kwa mtu

Simama nje, piga hodi, ngoja. Kwa mzee anza na shikamoo. Kama unajua Kisukuma, “mwangaluka” ya asubuhi au “mwadila” ya mchana itakufungulia zaidi ya barua ya mtendaji. Utaulizwa wewe ni ng'wana nani, yaani mtoto wa nani. Usijibu kwa jina la chuo au gazeti. Taja baba yako, taja mnakotoka, taja kama una watoto. Huo ndio usaili wako, nao unaweza kuchukua siku nzima bila kinasa kuwashwa.

Usishangae mganga akitaka kukupigia ramli wewe kwanza. Unaweza kukataa kwa adabu: “Babu, mimi sikuja kama mgonjwa, nimekuja kama mwanafunzi.” Ukikubali, kubali ukijua kuwa kuanzia hapo wewe ni mteja, na mteja haelezwi namna kazi inavyofanyika. Dalili kwamba tayari umegeuzwa mteja ni pale unapoagizwa kuku mweusi.

Pesa nazo zisemwe mapema. Toa posho ya muda, kiwango kilekile kwa kila mtu, kiwe kidogo cha kulingana na siku ya kibarua. Usilipe kwa kisa. Kisa kinacholipwa huongezeka urefu: jini la kichwa kimoja jana, leo lina vichwa vitatu, na kesho utaletewa la vichwa saba kwa bei ya jumla. Sukari na sabuni ni zawadi nzuri, mpe mama mwenye nyumba, mkononi mwake.

Maswali

Mwaka 1882 London kiliundwa chama cha kuchunguza mambo ya namna hii, Society for Psychical Research. Baadaye wanachama wake walikusanya majibu ya watu 17,000 na kutoa ripoti mwaka 1894. Hawakuuliza kama mtu amewahi kuona mzimu. Waliuliza, kwa sentensi ndefu ya kisheria, kama amewahi, akiamini kuwa yuko macho kabisa, kuona kitu au kuguswa nacho au kusikia sauti, na kwa kadiri alivyoweza kutambua hapakuwa na chanzo cha nje. Takriban mmoja kati ya kumi alijibu ndiyo. Swali halikuwa na jina la kitu chochote ndani yake, na hilo ndilo la kuiga. Ukisema “jini” wewe kwanza, utapewa jini. Sema: “Usiku ule ulisikia nini?”

Kwa mkamataji mwenyewe nenda kwenye mikono na vyombo. Mganga mmoja wa upande wa Sengerema, nilipomuuliza kama jini aliliona kwa macho, alinipa hotuba ya kawaida kuhusu vipawa na mababu. Nilipomuuliza chupa aliitoa wapi, akacheka. Ilikuwa ya bia, akaiomba baa. Aliiosha kwa majivu mara mbili kwa sababu jini likinusa pombe litalewa na kusumbua. Kizibo alikichonga kwa kipande cha ndala aliyoiokota mwaloni, akakivika kaniki, juu yake akazungusha mpira wa ndani wa baiskeli akivuta kwa meno. Akanionyesha jino lililolegea kwa kazi hiyo. Chupa iko wapi sasa? Uvunguni mwa kitanda cha mke mdogo, ambaye hajaambiwa. Hapo nilikuwa na sura nzima ya kitabu, na neno “kweli” halijatajwa.

Kwa hiyo orodha yangu ni ya namna hii, wala haifuati mpangilio: Nani alikuja kukuita, na alikuja kwa miguu au kwa bodaboda? Ulikuwa unafanya nini? Ulikula kabla ya kwenda? Ulikataza nani asiwepo? Taa ilikuwa inawaka? Ulijuaje kwamba limeingia? Kuna lililokushinda? Aliyekufundisha alikuwa anafanyaje tofauti? Swali la lililokushinda ndilo bora kuliko yote. Mafanikio kila mtu anayo. Mkamataji anayekusimulia lile lililomtoroka ameanza kukuamini.

Kwa shehe wa kisomo uliza mpangilio: Aya ya Kursiy inasomwa lini, maji yanasomewa kabla au baada, msomaji anafanya nini mgonjwa akianza kujibu kwa sauti nyingine. Wengi wao wanasema wazi kuwa baadhi ya wanaoletwa wanahitaji hospitali, na wanawarudisha. Andika hilo kwa urefu uleule unaoandika mengine.

Yule aliyesumbuliwa mhoji peke yake, mbali na aliyemtibu. Mara nyingi utasikia: “Nililala, kitu kikanikalia kifuani, nikataka kupiga kelele sauti haitoki.” Jinamizi. Madaktari wanaeleza kuwa akili imeamka wakati misuli bado imezimwa na usingizi wa ndoto, na kwamba humpata zaidi anayelala chali na anayekosa usingizi wa kutosha. Mvuvi anayekesha na kulala vipande vipande mchana ni mtu wa namna hiyo kabisa. Usimfundishe hayo katikati ya mahojiano, utamfunga mdomo. Muulize tu alikuwa amelalaje, na alikesha siku ngapi. Hayo mengine utayaandika wewe.

Jina lisiingie kwenye kanda

Hapa sina mzaha. Kila kisa cha jini kina sehemu ambapo msimulizi anafika kwa aliyelituma. Mara nyingi ni mwanamke mzee, mjane, jirani au wifi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa dalili, ilhali ni moshi wa miaka mingi wa kupikia mabua na kinyesi cha ng'ombe.

Usiulize kamwe “nani alilituma”. Ukiona kisa kinaelekea huko, inua mkono: “Mzee, hapo sema mtu fulani, jina baki nalo.” Wengi wanaelewa mara moja, wengine wanafurahi kuondolewa mzigo. Likitajwa kwa bahati mbaya, andika dakika ilipotokea, na jioni ileile likate kwenye faili na kwenye nakala zote. Usiliweke kwenye daftari hata kwa kifupisho. Ukihoji kijiji cha pili na ukaulizwa wa kule walisemaje, jibu ni kwamba walikukarimu vizuri, basi. Na kama unasikia kuwa mtu fulani anapangiwa jambo, mahojiano yamekwisha. Hilo linakwenda kwa mtendaji na polisi siku hiyohiyo, na umweleze mtu mapema, unapomwomba ridhaa mwanzoni, kwamba siri yako ina mpaka huo.

Ziwa na misiba yake

Utakutana na visa vya meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na vya kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kuna watu wanaosikia sauti ziwani, kuna wanaosema mitumbwi hukwama mahali fulani. Hayo ni ya kuandika kama yatakuja yenyewe. Usimfuate mtu aliyefiwa kumuuliza kama amemwona marehemu wake. Kule Igoma wamezikwa watu wa MV Bukoba ambao jamaa zao wanapita barabara hiyohiyo na daladala kila siku.

Kinasa sauti

Upepo wa ziwa unakula sauti kuanzia mchana, kaa nyuma ya ukuta au ndani. Mvua juu ya bati ikianza, acha kurekodi, ongeeni habari za mazao. Simu iwe hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga na kurekodi kutakatika pale jini linapoingia chupani. Kinasa kiweke mahali kinapoonekana. Anza kwa kusema ndani ya kanda wewe ni nani, unaandika nini, na kwamba akisema “zima” utazima. Mwishoni rudia kuomba ruhusa, kwa sababu mwanzoni hakujua atasema nini. Faili zipe namba badala ya majina, na ufunguo wa namba ukae kwenye daftari ambalo halisafiri nawe.

Mkalimani

Wazee wa Ukerewe, Ukara na Buchosa wanaweza kuanza kwa Kiswahili na kuhamia Kikerewe, Kikara au Kizinza kisa kikipamba moto. Usiwarudishe. Tafuta kijana kutoka kijiji kingine, asiwe ndugu wala mteja wa anayehojiwa. Mwambie atafsiri kama yeye ndiye msemaji, “nilimshika mkono”, asikuletee “anasema eti alimshika”. Hiyo “eti” ni maoni ya mkalimani, na ukiizoea itajaa kitabu chako.

Kupata tarehe na kupima kisa

Watu hawakumbuki mwaka, wanakumbuka matukio. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya operesheni vijiji ya 1974, mvua za El Niño za 1997 na 1998, miaka gugumaji lilipojaa ziwani, ziwa lilipofurika 2020, msiba wa Rais Magufuli Machi 2021. Kwa matukio mawili matatu unakibana kisa ndani ya mwaka mmoja.

Kila kisa kikubwa kipate watu watatu: mkamataji, aliyesumbuliwa, na jirani ambaye hakuwa na faida yoyote. Usitafute nani mwongo. Tafuta wanapoachana, maana ndipo pana habari. Jirani mara nyingi anakumbuka kitu kimoja kidogo ambacho wawili hao wamekiacha, kwa mfano kwamba wiki ileile palikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba.

Jifunze pia vituko vya ziwa lenyewe. Mtu akikueleza moshi mweusi uliosimama juu ya maji kama nguzo kisha ukaelekea nchi kavu, kumbuka makundi ya wadudu wadogo wa ziwani, ambao huibuka kwa mamilioni siku za mwezi mchanga na kwa mbali huonekana hivyo hivyo. Wavuvi wengi wanalijua hili kuliko wewe. Aliyekusimulia akisisitiza kuwa ule wa kwake ulikuwa tofauti, muulize tofauti yake, na uandike jibu lote.

Kabla ya kuchapa

Kubadili jina hakutoshi. Kwenye kisiwa cha kaya mia, “mganga kilema mwenye wake wanne” ni mtu mmoja tu. Badilisha kisiwa, umri, au idadi ya wake, lakini usibadilishe chupa, kizibo na kaniki, maana hivyo ndivyo kitabu chenyewe. Ukiandika mambo ya kukamata, andika “anasema liliingia” mara ya kwanza, kisha mwache asimulie kwa sauti yake bila wewe kumkatiza kila sentensi kwa mashaka. Msomaji wa Mwanza ana mashaka yake ya kutosha, hahitaji kuazima yako.

Sura ikiwa tayari, rudi ukamsomee aliyekupa. Akisema “hili toa”, toa. Nakala ya kitabu mpelekee kwa mkono, ikiwa kwenye bahasha. Usiitume kwa WhatsApp ya mjukuu. Mzee simu yake ni ya batani, na mjukuu atakayemsomea huenda ndiye mtoto wa yule mke mdogo.